Sura ya Tano: Sumu Inapoingia Kwenye Neva

Nge mweusi wa mkia mnene, ambaye wataalamu humwita Androctonus crassicauda, ni mkazi wa jangwa linaloanzia pale majengo ya Doha yanapokoma. Mchana hujificha chini ya mawe, mashimoni, na kwenye mirundo ya mbao na matofali. Jua likizama hutoka kuwinda. Urefu wake hufika karibu sentimita 10, na ni mmoja wa nge wenye sumu kali zaidi duniani. Anayechomwa naye huhisi maumivu makali papo hapo, na kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi mambo huishia hapo. Kwa mtoto mdogo hali inaweza kugeuka upesi: jasho linamtoka, mate yanamjaa, moyo unamwenda mbio, anatapatapa na kutapika. Kiasi cha sumu kilichomwingia ni sehemu ndogo mno ya gramu. Kinaweza kuutikisa mwili mzima kwa sababu kimelenga neva, na neva zinafika kila mahali mwilini.

Umeme wa neva hutokana na chumvi. Kila seli ya neva imezungukwa na utando mwembamba. Nje ya utando kuna ioni nyingi za sodiamu, ndani kuna nyingi za potasiamu, na neva ikiwa imetulia upande wa ndani huwa na chaji hasi ya karibu milivolti 70. Utando huo umepachikwa protini zenye tundu katikati, ambazo katika sura hii zinaitwa malango. Ujumbe unapopita, malango ya sodiamu hufunguka, sodiamu humiminika ndani na chaji hugeuka. Baada ya takriban milisekunde moja malango hayo hujifunga yenyewe, na yale ya potasiamu hufunguka ili kurudisha utulivu. Wimbi hili hukimbia hadi ncha ya neva. Hapo malango ya kalsiamu hufunguka, na vifuko vidogo humwaga kemikali kwenye mwanya ulio kati ya neva na seli inayofuata. Penye msuli, kemikali hiyo ni asetilikolini: huvuka mwanya, hushika vipokezi vya msuli, na msuli hujikunja. Mara moja kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi huivunja, na msuli hulegea ukingoja amri nyingine.

Kila hatua ya safari hiyo ina mnyama aliyeipatia sumu ya kuivuruga. Nge, nyoka, buibui, konokono wa baharini na nyigu wamefika kwenye shabaha hizohizo kwa njia tofauti, katika mamilioni ya miaka ya kuwinda na kujilinda. Mnyama mdogo asiye na nguvu za kumshinda windo lake kwa mwili hana shabaha bora kuliko neva, kwani windo lisiloweza kukimbia wala kupumua limekwisha kushindwa.

Sumu ya nge mweusi hushambulia lango la sodiamu. Ndani yake mna protini ndogo zenye asidi amino zipatazo 60 na kidogo, zilizobanwa kwa vifungo vya salfa kiasi kwamba hazivunjiki kirahisi. Hujishikiza kwenye ile sehemu ya lango inayohisi mabadiliko ya umeme, na kuizuia isisogee. Lango hufunguka kama kawaida lakini huchelewa kujifunga. Ujumbe uliopaswa kudumu milisekunde moja hurefuka, neva huanza kujirusha yenyewe tena na tena bila amri, na kila ncha yake humwaga kemikali bila kipimo. Maumivu ya mwanzo yanatokana na hilo, kwa kuwa neva za maumivu nazo zimekwama katika kupiga kelele.

Hatari yenyewe iko kwenye neva zinazojiendesha, zile zinazosimamia moyo, mishipa ya damu, mapafu na tezi bila mtu kuzifikiria. Katika saa za mwanzo mgonjwa hutokwa jasho, mate na machozi, na mapigo ya moyo huweza hata kupungua. Kisha adrenalini na noradrenalini humwagika kwa wingi. Mishipa ya damu hubana, shinikizo hupanda, moyo hulazimika kusukuma damu dhidi ya ukuta uliofungwa na hatimaye huchoka. Damu inapokwama nyuma yake, mapafu hujaa maji. Anayekufa kwa sumu ya nge kwa kawaida hufa kwa moyo na mapafu, ingawa hakuna sumu iliyovila viungo hivyo. Neva ndizo zilizovichosha. Mtoto huumia zaidi kwa sababu kiasi kilekile cha sumu kimeingia katika mwili mdogo.

Njia ya kumwokoa mgonjwa wa aina hii ilifunguliwa na daktari wa mji mdogo. Himmatrao Bawaskar, aliyekuwa akifanya kazi Mahad katika jimbo la Maharashtra nchini India, alikuwa akiona watu wakifa kwa nge mwekundu wa huko. Katika miaka ya 1980 alianza kuwapa prazosini, dawa ya bei nafuu ya shinikizo la damu inayolegeza mishipa iliyobanwa, na vifo vilipungua sana. Mwaka 2011 yeye na mwenzake walichapisha katika jarida la BMJ utafiti ulioonyesha kwamba wagonjwa waliopewa prazosini pamoja na dawa ya kuzuia sumu walipona haraka kuliko waliopewa prazosini peke yake. Huyu ni daktari anayestahili kujulikana zaidi kuliko anavyojulikana. Aliutazama ugonjwa kitandani, akaona ni mishipa inayobana, akatafuta kitu cha kuilegeza.

Kwa upande wa nyoka, Qatar ina jambo linaloshangaza. Nyoka wa nchi kavu anayehofiwa zaidi huko ni yule wa Uarabuni aitwaye Cerastes gasperettii, ambaye huweza kuwa na pembe mbili juu ya macho na hujizika mchangani akaacha macho tu nje. Sumu yake hushambulia zaidi damu na nyama: huvimbisha, huharibu ngozi na kuvuruga kuganda kwa damu. Nyoka wanaolenga neva wako baharini. Ghuba ina spishi kadhaa za nyoka wa baharini, miongoni mwao Hydrophis lapemoides na Hydrophis cyanocinctus, na yuko pia Hydrophis platurus mwenye tumbo la njano, yuleyule ambaye mara nyingine hutupwa na mawimbi kwenye fukwe za Kenya na Tanzania. Wote ni ndugu wa swila na koboko. Mkia wao umebanwa ukawa kama kafi, na hupanda juu kuvuta pumzi kwa kuwa hawana mashavu ya samaki.

Maji haya yana historia inayowahusu Waswahili kwa damu. Kabla ya lulu za kufugwa za Japani kuiua biashara hiyo katika miaka ya 1930, uchumi wa Qatar ulisimama juu ya wapiga mbizi, na miongoni mwao walikuwamo watu waliotolewa pwani ya Afrika Mashariki wakiwa watumwa. Jumba la Bin Jelmood katika mtaa wa Msheireb, Doha, lililofunguliwa kama makumbusho mwaka 2015, linaeleza habari za utumwa huo. Msimu wa konyeza wapiga mbizi walivaa nguo za pamba zilizofunika mwili mzima ili nyuzi zenye sumu zisiwaguse. Dhidi ya nyoka wa baharini hawakuwa na kinga isipokuwa upole wa nyoka mwenyewe, ambaye kwa nadra sana humwuma mtu asiyemshika. Wanaoumwa siku hizi wengi ni wavuvi wanaomtoa nyoka kwenye wavu kwa mikono mitupu.

Meno ya nyoka wa baharini ni mafupi na jeraha lake huweza lisiume wala kuvimba. Hilo ndilo linalodanganya. Baada ya nusu saa hadi saa kadhaa misuli huanza kuuma na kukakamaa, taya hufunga, kope huanguka, na mkojo huweza kugeuka mweusi kwa sababu ya protini inayovuja kutoka kwenye misuli iliyoharibika. Sehemu ya sumu huharibu msuli, na sehemu nyingine huziba mawasiliano kati ya neva na msuli. Sehemu hii ya pili ni ya jamii ya protini ambazo wanakemia huziita za vidole vitatu, kwa umbo la vitanzi vitatu vilivyotokeza upande mmoja. Swila na koboko nao wanazo. Zikifika kwenye msuli hukaa juu ya kipokezi cha asetilikolini kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kufuli: haufungui, na hauachi mwingine uingie. Neva inaamuru, asetilikolini inamwagwa, msuli hausikii.

Ujuzi huo ulianzia Taiwani. Mwaka 1963 Chuan-Chiung Chang na Chen-Yuan Lee walitenga kutoka kwa nyoka Bungarus multicinctus sumu waliyoiita alfa-bungarotoksini. Ilikishika kipokezi cha asetilikolini kwa nguvu na kwa kuchagua kiasi kwamba wanasayansi wangeweza kuitumia kama ndoana ya kukivulia. Hadi wakati huo kipokezi kilikuwa dhana tu. Karibu na mwaka 1970 Jean-Pierre Changeux wa Paris na wenzake walikitoa kwenye ogani ya umeme ya samaki na kukishika kwa sumu hiyo. Mwaka 1973 sumu hiyohiyo ilitumiwa kuhesabu vipokezi katika misuli ya wagonjwa wa mayasthenia gravisi, maradhi ya kulegea kwa misuli, ikaonekana kwamba vimepungua mno. Maradhi yaliyokuwa fumbo yakapata maelezo, na nyoka ndiye aliyetoa chombo cha kupimia.

Katika sumu hiyohiyo ya Bungarus Chang na Lee walikuta nyingine, beta-bungarotoksini, inayofanya kazi upande wa pili wa mwanya. Hii ni kimeng'enya kinachokata mafuta ya utando wa ncha ya neva. Vifuko vya asetilikolini humwagwa na havijazwi tena, na ncha yenyewe hufa. Tofauti kati ya aina hizi mbili inaamua maisha ya mgonjwa. Sumu iliyokaa juu ya kipokezi huweza kung'olewa na dawa ya kuzuia sumu, au kushindwa kwa neostigmini, dawa inayozuia asetilikolini isivunjwe ili iongezeke na kugombea nafasi. Hutolewa pamoja na atropini. Ncha ya neva iliyokwisha kuharibiwa haiponywi na sindano yoyote. Lazima iote upya, na hilo huchukua siku hadi wiki, huku mgonjwa akipumuliwa na mashine.

Koboko wa Afrika, Dendroaspis polylepis, ameongeza silaha ambayo wengine hawana. Pamoja na protini za vidole vitatu ana dendrotoksini, zinazoziba malango ya potasiamu, yale yanayoirudisha neva katika utulivu. Neva inayokosa malango hayo humwaga asetilikolini kupita kiasi. Ndugu yake wa kijani, Dendroaspis angusticeps, anayeishi kwenye miembe na mikorosho ya pwani ya Tanzania na Kenya, ana pia fasikulini, zinazokizuia kile kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, na misuli huanza kutetemeka yenyewe. Kwa hiyo aliyeumwa na nyoka wa jamii hii huweza kutokwa jasho na kutetemeka kwa msukosuko wa neva zilizosisimka, na wakati huohuo kuanza kupooza kwa vipokezi vilivyozibwa. Windo dogo kama panya hufa kabla halijafika mbali. Mtu aliyeumwa na koboko, asipotibiwa, huweza kufa katika saa chache.

Kupooza huko hufuata mpangilio ambao kila muuguzi wa kijijini anapaswa kuujua. Hutangulia kope: zinalegea na mgonjwa hawezi kuzifungua. Macho hushindwa kusogea pamoja na vitu huonekana viwili viwili. Kisha ulimi unakuwa mzito, kumeza kunashindikana, shingo haiwezi kuinua kichwa, na mwisho ni misuli ya kifua na kiwambo kilicho chini ya mapafu. Katika muda huo wote ubongo haujaguswa. Protini hizi ni kubwa mno kuweza kupenya kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo, hivyo mtu aliyelala bila kusogeza hata ukope anasikia, anaelewa na anaogopa. Madaktari wameandika kuhusu wagonjwa wa nyoka walioonekana kana kwamba ubongo umekufa, hata mboni zao hazijibu mwanga, kisha wakapona kabisa. Anayesema mbele ya mgonjwa kama huyo kwamba amekwisha, anamwambia mtu anayemsikia.

Yuko mnyama mmoja anayekiruka kizuizi hicho kwa kuingiza sumu ndani ya ubongo moja kwa moja. Ni nyigu wa rangi ya zumaridi, Ampulex compressa, anayepatikana Afrika na Asia ya kusini, na windo lake ni mende. Humchoma kwanza kifuani, miguu ya mbele inapooza kwa dakika chache, na katika dakika hizo anaingiza mwiba kichwani na kuutafuta ubongo. Ncha ya mwiba ina hisia. Frederic Libersat na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion walipomtoa mende ubongo, nyigu alipapasa ndani ya kichwa kwa muda mrefu zaidi akitafuta kisichokuwapo. Mende aliyechomwa kwanza hujisafisha kwa takriban nusu saa, kisha hupoteza haja ya kutembea. Si kwamba amepooza, kwani akigeuzwa chali anajigeuza. Nyigu humshika papasi, akamwongoza hadi shimoni, akataga yai mguuni pake na kuziba mlango. Funza humla mende akiwa hai. Katika ulimwengu mzima wa sumu ni vigumu kupata mfano unaoonyesha wazi zaidi kwamba nia ya kutembea ni kitu kimoja na uwezo wa kutembea ni kingine, na kila kimoja kina mahali pake katika neva.

Wapo wanyama ambao sumu hizi haziwaathiri inavyotarajiwa. Nguchiro ana badiliko dogo kwenye kipokezi chake cha asetilikolini, molekuli ya sukari iliyopachikwa pale ambapo sumu ya swila ingekaa. Nyegere, anayeishi Afrika na pia Bara Arabu, amefikia shabaha hiyohiyo kwa njia nyingine: asidi amino moja ya kipokezi imebadilishwa kwa nyingine yenye chaji chanya inayoisukuma sumu mbali. Kalunguyeye na nguruwe wana badiliko hilohilo, ingawa hawana undugu wa karibu na nyegere. Katika jangwa la Qatar yuko kalunguyeye wa spishi ya Paraechinus aethiopicus, ambaye hula nge na hata nyoka.

Binadamu hana kinga hiyo, lakini amejifunza kuzitumia sumu zenyewe. Konokono wa baharini wa jamii ya Conus, wenye magamba mazuri yanayookotwa na watalii kwenye fukwe za Bahari ya Hindi, huchoma kwa jino lenye umbo la chusa na kumpoozesha samaki kwa sekunde chache; Conus geographus ameua watu. Baldomero Olivera, mwanasayansi mzaliwa wa Ufilipino, na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Utah walichambua sumu hizo moja baada ya nyingine. Katika Conus magus walipata peptidi inayoziba malango ya kalsiamu kwenye neva zinazopeleka maumivu kwenye uti wa mgongo. Mwaka 2004 Marekani iliiidhinisha kama dawa kwa jina la zikonotaidi, kwa wagonjwa ambao mofini haiwafai. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walitangaza kwamba katika sumu ya koboko mna mambaljini, protini zinazotuliza maumivu ya panya kwa nguvu inayokaribia ya mofini bila kubana pumzi.

Dawa za kuzuia sumu bado hutengenezwa kwa njia iliyoanzishwa na Albert Calmette katika miaka ya 1890: farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, na kingamwili za damu yake huvunwa. Kituo cha Riyadh nchini Saudi Arabia hutengeneza dawa za nyoka na nge wa Bara Arabu. Ya nyoka wa baharini hutengenezwa Australia. Tatizo la dawa hizi ni kwamba ya nyoka mmoja huweza isimfae mwingine, na katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki haipatikani kwa wakati. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na mwaka 2017 liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyosahauliwa. Januari 2025 timu ya David Baker wa Seattle na wenzake wa Denmark ilichapisha katika jarida la Nature protini zilizobuniwa kwa kompyuta zinazozishika sumu za vidole vitatu na kuwaokoa panya. Zikifika hospitalini kama dawa ya bei nafuu isiyohitaji farasi, wakulima wa Tabora na Kitui watanufaika kuliko mtu yeyote.

Wakati huo ukingojewa, mambo ya kufanya ni machache na yanaeleweka. Kuchanja jeraha, kunyonya sumu, kufunga kamba ya kukata damu na kubandika jiwe jeusi havisaidii, na vingine huua. Mwenye kuumwa na koboko au nyoka wa baharini alazwe, kiungo kisisogezwe, na kifungwe bandeji pana tangu vidoleni hadi juu bila kuzuia damu. Bandeji hiyo haifai kwa nyoka wa pembe au kifutu, ambao sumu yao huozesha nyama. Walinzi wa usiku, madereva na mafundi wa ujenzi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walioko Qatar wakung'ute viatu kabla ya kuvivaa, wasitie mikono chini ya mawe, na watumie taa ya miale ya urujuanimno wakiipata, kwani nge hung'aa chini yake rangi ya kijani na samawati. Buibui wa ngamia anayewatisha wengi jangwani hana tezi ya sumu. Akichomwa mtoto, au mtu akianza kutokwa jasho jingi, kulegea kope au kupumua kwa shida, simu ya dharura ya Qatar ni 999. Aliyeacha kupumua apuliziwe pumzi bila kukoma mpaka gari la wagonjwa lifike, hata akionekana amekwisha, kwa maana sumu inayopooza misuli haijamgusa ubongo, na kinachoamua kama ataishi ni hewa.